Taa Mbili kwa Betri Moja

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, Muumba wa nuru na giza, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, haya nitakayoyaeleza leo huenda ukayaona kuwa ni mambo ya mafundi, yasiyohusu gazeti la watu wa dini. Nakuomba unistahimilie mpaka mwisho. Mimi nami niliyadharau kwa muda mrefu, na dharau yangu ikamwangukia mtoto mdogo asiyekuwa na kosa.

Kosa la mwalimu

Chuo chetu ni chumba kimoja kirefu katika nyumba ya Kiswahili, mtaa wa ndani wa Kariakoo. Watoto huja kusoma baada ya sala ya Magharibi mpaka Isha. Wavulana hukaa mkekani upande wa mlango, na wasichana upande wa ndani. Mwishoni mwa mwaka 2023, mgawo wa umeme uliporejea nchini, mara nyingi taa zilizimika saa ile ile watoto wanapofungua misahafu yao. Wazazi wakachanga, tukanunua betri moja ya volti 12 na globu mbili ndogo za gari, ili kila upande upate globu yake.

Mimi ndiye niliyezifunga. Niliitoa waya kwenye betri nikaipeleka globu ya kwanza. Kutoka globu ya kwanza nikaipeleka ya pili. Na kutoka ya pili nikairudisha kwenye betri. Zikawaka. Mwanga wake ulikuwa hafifu, wa rangi ya machungwa, ila betri ilidumu siku nyingi kabla ya kupelekwa kuchajiwa, nami nikawaambia wazazi kwa fahari kwamba nimewapunguzia gharama.

Usiku mmoja mtoto wa miaka tisa alikuwa akinisomea. Palipo na herufi ya *ya*, ambayo nukta zake mbili zi chini, yeye akasoma *ta*, ambayo nukta zake mbili zi juu. Na kwa tofauti hiyo ndogo neno la "wanajua" likageuka kuwa "mnajua". Nikamsahihisha, akarudia vile vile. Mara ya tatu nikamkaripia mbele ya wenzake, nikamwambia kuwa ni mvivu na hakudurusu, nikamsimamisha mpaka adhana ya Isha. Kesho yake hakuja, wala kesho kutwa.

Jumamosi asubuhi mama yake akamleta. Nikamfungulia ukurasa ule ule penye mwanga wa mlangoni, akausoma wote bila ya kukosa hata nukta moja. Mama yake akasema kwa upole, "Maalim, huyu haoni kwa taa zile za usiku. Aliniambia tangu wiki iliyopita, lakini akaogopa kukwambia wewe." Sikuwa na la kumjibu.

Jioni ile nilimwita kijana mmoja niliyemsomesha zamani, ambaye leo ana meza yake ya kutengeneza redio na simu hapo hapo Kariakoo. Akazitazama globu, akaifuata waya kwa kidole, kisha akatabasamu kwa adabu. "Maalim," akasema, "umezifunga mfululizo. Kila moja yapata nusu ya volti zake."

"Lakini zaokoa betri, mwanangu," nikamwambia.

"Zaokoa betri, Maalim, kwa sababu haziwaki."

Maneno yale yalinikaa moyoni. Nikamwomba akae anifunze, na aliyonifunza ndiyo ninayokuletea hapa.

Tangi la msikiti na mkondo wa umeme

Ili tupate kufahamu, na tulitazame tangi la maji lililo juu ya paa la msikiti, na mifereji ya kutilia udhu iliyo chini yake. Kuwa juu kwa tangi ndiko kunakoyasukuma maji. Katika umeme, msukumo huo hupimwa kwa volti. Wingi wa maji yanayopita kwa muda fulani ni mfano wa mkondo wa umeme, nao hupimwa kwa ampea. Na wembamba wa mfereji, unaoyazuia maji yasipite ovyo, ni mfano wa ukinzani, nao hupimwa kwa omu, jina lililotokana na Georg Ohm, Mjerumani aliyeieleza kanuni yake mwaka 1827. Kanuni yenyewe ni nyepesi: ukizigawa volti kwa omu, utapata ampea.

Lakini mfano wa maji una mpaka wake. Maji ya udhu yakishatumika humwagika, bali mkondo wa umeme haumwagiki. Hutoka upande mmoja wa betri, ukapita katika globu, ukarudi kwa upande wa pili kwa kiasi kile kile. Kinachopungua ni nguvu iliyomo katika dawa za betri, ambayo ndani ya globu hugeuka kuwa joto na mwanga. Ndiyo sababu chuoni kwetu globu zote mbili zilififia sawasawa. Mimi nilidhani kwamba globu iliyo karibu na betri itakula kwanza na ya mbali itapata makombo, kumbe katika mfululizo mkondo ni mmoja, na globu mbili zilizo sawa hugawana volti nusu kwa nusu.

Mfululizo: mfano wa tasbihi

Globu zilizofungwa mfululizo ni kama punje za tasbihi katika uzi mmoja. Mkondo hauna njia ila moja, nao hupita punje hii kisha punje ile. Uzi ukikatika mahali popote, tasbihi yote hutawanyika. Na globu moja ikiungua, zote huzimika. Bila shaka umeyaona hayo katika zile taa ndogo za zamani za mapambo, zinazotundikwa nyumbani kwenye harusi au penye Maulidi, ambazo ikifa moja fundi hulazimika kuzipima zote ili aitafute iliyokufa.

Natufanye hesabu. Tuchukulie kwamba betri ni ya volti 12, na kwamba kila globu ina ukinzani wa omu 12. Globu moja ikiwaka peke yake, mkondo utakuwa ampea 1, na nguvu yake itakuwa wati 12, maana wati hupatikana kwa kuzidisha volti kwa ampea. Ikiwa betri imebeba akiba ya kutoa ampea 1 kwa muda wa saa 12, basi globu hiyo itawaka saa 12.

Sasa zifunge globu mbili mfululizo. Ukinzani wote umekuwa omu 24, basi mkondo ni nusu ya ampea. Kila globu yapata volti 6 tu, na nguvu yake ni wati 3, yaani robo ya ile ya kwanza. Betri kwa hesabu hii itadumu saa 24. Hapo ndipo mtu mwenye kupenda akiba hufurahi kama nilivyofurahi mimi.

Lakini globu yenye uzi ina siri yake. Uzi ule hautoi mwanga ila uwe umepata moto mkali sana, na joto lake likipungua kidogo, mwanga hupungua mno. Globu ya namna hii ikipewa nusu ya volti zake, mwanga wake hubaki kama sehemu moja ya kumi tu. Tena uzi usiopata moto wa kutosha huwa na ukinzani mdogo zaidi, kwa hiyo mkondo wenyewe haupungui kufikia nusu kama tulivyohesabu, bali hubaki kama theluthi mbili. Basi betri itadumu kiasi cha saa 18, wala si saa 24.

Sasa pima mwenyewe, ndugu msomaji. Globu moja ikiwaka peke yake hutoa mwanga kamili kwa saa 12. Globu mbili mfululizo, hata ukizijumlisha pamoja, hutoa sehemu mbili tu za kumi za mwanga huo kwa saa 18. Lau ningeitundika globu moja tu katikati ya chumba, watoto wangepata mwanga mara tano ya ule niliowapa, na betri ingepungukiwa na theluthi moja tu ya muda wake. Akiba niliyojisifia haikuwa akiba, ilikuwa ni giza nililolinunua kwa fedha za wazazi.

Sambamba: mfano wa mifereji ya udhu

Njia ya pili ni kufunga sambamba. Hapa kila globu huwa na njia yake, waya mbili zikienda kwenye ncha mbili za betri, kama vile kila mfereji wa udhu unavyopokea maji kutoka tangi moja bila ya kungoja mwenzake. Kila globu hupata volti 12 kamili na huwaka kwa mwanga wake wote. Moja ikiungua, nyingine haina habari. Kila moja yaweza kuwekewa swichi yake, ikazimwa pasipo kuisumbua ya jirani.

Ila usidhani kwamba jambo hili ni la bure. Globu mbili sambamba huchukua ampea 1 kila moja, jumla ampea 2, na betri ile ile iliyodumu saa 12 sasa itadumu saa 6. Ukizifungua tatu, saa 4. Mifereji mingi ikifunguliwa pamoja, tangi litakauka mapema. Tena betri inayokamuliwa kwa nguvu hutoa pungufu ya akiba yake, na betri ya gari ya kawaida huharibika ikizoeshwa kumalizwa kabisa. Kwa hivyo ni vema kuipeleka kuchajiwa ifikapo nusu.

Hii ndiyo kanuni ambayo ningependa kila kijana aishike: namna ya kufunga waya haiongezi hata chembe ya nguvu katika betri. Betri ni ghala lenye akiba yake maalumu. Waya zaamua tu akiba hiyo itatoka kwa haraka gani, na itatumika kwa faida au bila ya faida.

Betri zenyewe nazo hupangwa

Kama globu zinavyopangwa, na betri nazo hupangwa kwa njia hizo mbili. Betri ndogo ya tochi ina volti 1.5. Ukizitia mbili zikifuatana, kichwa cha hii kikigusa kitako cha ile, msukumo hujumlishwa ukawa volti 3, lakini muda wa kudumu hauongezeki. Hivi ndivyo alivyofanya Alessandro Volta wa Italia mwaka 1800, alipopanga visahani vya madini mbalimbali kimoja juu ya kimoja, baina yake akitia vitambaa vilivyolowa maji ya chumvi, ikawa ndiyo betri ya kwanza.

Ukizipanga betri mbili sambamba, vichwa kwa vichwa na vitako kwa vitako, msukumo hubaki volti 1.5, lakini kila betri hubeba nusu ya mzigo, nazo hudumu kiasi cha mara mbili. Kwa ufupi, zikifuatana huongeza nguvu ya kusukuma. Zikiwa sambamba huongeza muda.

Akina mama na vijana wayaangalie mambo mawili. Kwanza, katika tochi ya betri tatu, moja ikigeuzwa kinyume haikai bure tu, bali huipinga mwenzake, na badala ya volti 4.5 hubaki volti 1.5. Pili, msichanganye betri mpya na kuukuu. Ile kuukuu huisha kwanza, na zile mpya huendelea kupitisha mkondo ndani yake kwa nguvu, mpaka ikavuja dawa inayoila tochi au redio. Watu wengi hutia betri moja mpya na moja ya zamani kwa nia ya kubana matumizi, kisha wakapata hasara ya chombo kizima.

Umeme wa nyumbani

Umeme wa mji wetu ulianza mwaka 1908, zama za Wajerumani, ukitumika katika karakana za reli na katika sehemu ya mji waliyokaa wakoloni. Wazee wetu wengi walihifadhi Kurani kwa mwanga wa kandili na vibatari. Leo umeme umeingia Posta na Kariakoo, katika maghorofa na katika nyumba za Kiswahili, nao ni wa volti 230. Taa na vyombo vyote vya nyumbani vimefungwa sambamba. Ndiyo maana ukizima taa ya chumbani, jokofu haliathiriki. Ni njia ile ile aliyoitumia Thomas Edison alipofungua kituo chake cha umeme katika mji wa New York mwaka 1882.

Kwa kuwa ni sambamba, kila chombo unachokiwasha huongeza mkondo juu ya mkondo, na mita ya LUKU huhesabu yote. Globu ya zamani ya wati 60, ikiwaka saa 10, hula uniti 0.6, taa ya LED ya wati 9, yenye mwanga unaokaribia huo, kwa saa zile zile hula uniti 0.09 tu.

Hapa pana hatari ambayo wenye nyumba wasiipuuze. Mtu huchomeka waya moja ya kurefushia umeme, kisha akapachika juu yake birika la wati 2000, jiko la wati 2000 na pasi ya wati 1000. Birika na jiko huchukua karibu ampea 9 kila kimoja, na pasi zaidi ya 4. Jumla yapata ampea 22, hali plagi yetu ya kawaida imeundwa kwa ampea 13. Fyuzi nzuri itakatika, na huo ni usalama wetu. Lakini fyuzi iliyobadilishwa kwa kipande cha waya haitakatika. Waya zitapata moto ndani ya ukuta au chini ya godoro, na nyumba itakuwa hatarini. Katika Kariakoo, nyumba na maduka yamebanana, na moto wa mmoja ni msiba wa mtaa.

Jaribio kwa vijana

Kijana anayetaka kuyaona haya kwa macho yake, na apate betri mbili za tochi, globu mbili ndogo za tochi za volti 2.5 zilizo sawa, na vipande vya waya. Azifunge betri zikifuatana, kisha awashe globu moja autazame mwanga wake. Halafu azifunge zote mbili mfululizo, aone zinavyokuwa nyekundu kama kaa linalozimika. Atoe moja, aone na ya pili inavyokufa. Kisha azifunge sambamba, aone zote zinavyong'aa. Atoe moja, aone ya pili inavyobaki. Asiziunganishe ncha mbili za betri kwa waya tupu pasipo globu, maana waya hupata moto. Na jaribio hili lisifanywe kamwe kwa umeme wa ukutani, kwani betri ya tochi humsamehe mkosaji, na umeme wa ukutani huua.

Mwisho wa habari

Kijana yule alizifungua waya zangu, akatununulia taa mbili za LED za volti 12, za wati 3 kila moja, akazifunga sambamba, kila moja na swichi yake. Fanya hesabu: wati 6 zikigawanywa kwa volti 12 ni nusu ya ampea. Ni mkondo ule ule wa hesabu yetu ya mfululizo, na saa 24 zile zile, ila safari hii kila mtoto aona nukta zake. Na wasichana wakimaliza mapema, taa ya upande wao huzimwa.

Usiku wa kwanza wa taa zile nilimwita yule mtoto akae mbele yangu. Sikumsomesha kwanza. Niliwaambia wenzake wote, "Mwenzenu huyu hakuwa mvivu. Mimi ndimi niliyemweka gizani kisha nikamlaumu kwa kutoona. Namwomba radhi mbele yenu, kama nilivyomwaibisha mbele yenu." Akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ndogo, "Nimekusamehe, Maalim." Kisha akasoma, na palipo na *ya* akasoma *ya*.

Katika Suratul Furqan Mwenyezi Mungu amewasifu waja wake walioiepuka israfu na wakauepuka ubahili, wakashika njia iliyo kati. Naiona njia hiyo hata katika waya na betri. Kuwasha kila taa pasipo haja ni israfu. Kubana mpaka taa isimfae aliyewashiwa ni ubahili, hata ukiitwa akiba. Na Mtume wetu (S.A.W.) ametuagiza tuzizime taa tunapokwenda kulala, basi mwenye kuizima taa asiyoihitaji ameokoa betri yake na amefuata mwenendo wa Mtume wake.

Nanyi walimu wenzangu na wazazi, mtoto akikosea mara tatu mahali pamoja, kabla hamjamkaripia muulizeni kwanza: je, unaona? Mola atujaalie elimu yenye manufaa, na atusamehe tuliyoyatenda kwa kutojua. Amin.